Kitu chenye mwenyewe

Kila ninapofungua somo la utakatifu, huwagawia wanafunzi wangu wa Biblia karatasi tupu na kuwaomba mistari mitano tu: mtu mtakatifu yukoje? Zoezi hili nimelirudia miaka mingi sasa, na majibu yanafanana utadhani wamenakiliana. Hanywi. Havuti. Hatukani. Hasikilizi nyimbo za dunia. Haonekani mahali pabaya. Siku moja nilizipanga karatasi zote mezani nikapitisha kidole ukingoni, upande wa kushoto, na karibu kila mstari ulianza na herufi mbili zilezile: ha-. Nikawauliza, na maiti je? Maiti naye hanywi, havuti, hatukani. Walicheka, kisha wakanyamaza.

Siwalaumu, maana lugha yenyewe imetuelekeza huko. Takatifu ni mtoto wa kutakata, yaani kuwa safi. Ukisikia takasa, akili inakimbilia maji na sabuni, na dhambi inakuwa doa. Picha hiyo si ya uongo. Zaburi ya 51 inamwomba Mungu amwoshe mwenye dhambi awe mweupe kuliko theluji, na sitaki kumnyang'anya mtu zaburi hiyo. Shida ni kwamba sisi tunaanzia kwenye usafi, wakati Biblia haianzii hapo.

Inaanzia Mwanzo 2:3. Hapo ndipo kitu cha kwanza kinapotakaswa katika Maandiko: Mungu anaibariki siku ya saba na kuitakasa. Sasa jiulize, siku ile ilikuwa na uchafu gani? Dunia ni mpya, nyoka hajatajwa bado, hakuna aliyekosa. Hapakuwa na doa la kuosha. Tena kilichotakaswa si mtu wala mlima wala jengo, ni muda. Siku ya saba hucha na kuchwa kama zile sita. Tofauti yake ni moja tu, kwamba ina mwenyewe. Mungu ameitenga na nyingine akasema hii ni yangu.

Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo kina mzizi wa k-d-sh, na sifa itokanayo nao ni kadoshi. Kiarabu kina mzizi huohuo, ndiyo maana Waarabu huuita mji wa Yerusalemu al-Quds. Ukifuatilia matumizi yake utakuta kitu kinaondolewa kwenye matumizi ya kawaida na kuhamishiwa upande wa mungu, kiwe chake. Nimeandika mungu kwa herufi ndogo makusudi. Mzizi huohuo ndio uliozaa neno kedesha, ambalo Biblia inalitumia kwa kahaba. Rafiki yake Yuda, mwana wa Yakobo, alipozunguka akimuulizia mwanamke ambaye Yuda alilala naye njiani, katika Mwanzo 38:21, neno lililomtoka ni hilo. Darasa hushtuka nikifika hapa, na mimi hupenda washtuke. Maana yake ni kwamba neno lenyewe halina wema ndani yake. Wema unaingia kutokana na tabia ya mwenye mali. Ukiwa wa Mungu wa Israeli, utadaiwa ufanane na Mungu wa Israeli.

Kiswahili nacho hakikukosa neno la kubeba wazo hili. Tunalo wakfu. Kitu cha wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi, kimeshatoka mikononi mwa watu. Watafsiri wetu walilijua, na kuna mstari mmoja unaoonyesha walivyopata taabu nalo. Katika Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, Yohana 17:19, Yesu anaomba: "Na kwa ajili yao najiweka wakfu mwenyewe, ili na hao watakaswe katika kweli." Ukifungua Kiyunani, kitenzi ni kilekile mara zote mbili, hagiazo. Kwa nini basi Kiswahili kimekigawa? Nadhani sababu ni hiyohiyo ya sabuni. Ukiandika "najitakasa", msomaji atauliza Yesu alichafuka wapi. Kwa hiyo kwa Yesu wakachukua wakfu, na walipofika kwa wanafunzi wakarudi kwenye kutakaswa. Ningepewa kalamu mimi, ningeandika wakfu mara zote mbili. Yesu hasemi kwamba yeye anajitoa ili sisi tuoshwe tu. Anajikabidhi kwa Baba ili nasi tukabidhiwe kwa Baba vilevile.

Baba Yetu nayo ina jambo kama hilo. Tunasema "Jina lako litukuzwe", lakini Kiyunani cha Mathayo 6:9 kinasema litakaswe. Hakuna anayedhani jina la Mungu linahitaji kufuliwa, hivyo tukapata neno jingine, zuri tu, ila utakatifu ukapotea katika sala tunayoisema kila siku. Halafu 1 Petro 3:15 inatuambia tumtakase Kristo Bwana mioyoni mwetu. Huwezi kumwosha Kristo. Unaweza tu kumpa nafasi ambayo si ya mwingine.

Mfano ninaoutumia ni mswaki. Mswaki wako humwazimi mtu, hata mtu msafi kuliko wewe, kwa sababu ni wako. Na mtu akiuchukua akasugulia viatu vipya, visivyo na hata chembe ya vumbi, bado umeharibika. Huko ndiko Biblia inakokuita kutia unajisi: kuchukua cha Mungu ukakitumia kama cha yeyote. Mfalme Belshaza katika Danieli 5 hakuvichafua vyombo vya hekalu kwa tope. Alivinywea divai karamuni, basi, na usiku ule akafa.

Usafi basi unaingia wapi? Unaingia mlangoni kabisa, ila kama wa pili. Nabii Isaya alipowasikia maserafi, viumbe wa mbinguni, wakiita "Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu", hakuwa amepewa orodha ya makatazo. Alimwona mwenyewe. Kiebrania hukazia jambo kwa kulirudia, kama sisi tunavyosema kweli kweli, na mara tatu ni nadra sana. Alipomwona, ndipo akajua midomo yake ni michafu, na kaa la moto likaletwa kutoka madhabahuni. Kumwona kukatangulia kuoshwa. Tukigeuza mpangilio huo, tukamwambia mtu ajisafishe kwanza ndipo awe wa Mungu, tunamtwika mzigo ambao Isaya hakuubeba.

Sasa, mwenye mali akishakuwa Mungu huyu, anadai nini? Watu huniambia nenda Walawi, nami huwaambia twendeni, ila tusome mpaka mwisho. Walawi 19:2 inaagiza mkutano wote, wala si makuhani peke yao, wawe watakatifu kwa kuwa Mungu wao ni mtakatifu. Kisha sura inaanza kueleza. Kila mtu amche mama yake na baba yake. Ukivuna shamba, pembe zake usizimalize, mwachie maskini na mgeni. Usimlaani kiziwi, ambaye hata hakusikii. Usiweke kikwazo mbele ya kipofu. Usizunguke na umbea. Simama mbele ya mwenye mvi. Mgeni mpende kama nafsi yako. Mizani yako iwe ya haki, na mawe ya kupimia yawe ya haki. Katikati ya hayo yote, mstari wa 18, ndipo imekaa amri ya kumpenda jirani ambayo Yesu aliinyanyua juu ya nyingine. Zipo pia amri za mbegu mbili na nguo ya nyuzi mchanganyiko, sizifichi, na Wakristo wengi wanaziona ni alama za agano lile. Lakini sura ya utakatifu inazungumzia fedha, kazi na ulimi, si ibada peke yake.

Mstari wa 13 ndio ulionipata mimi. Unasema ujira wa mtu wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Nilikuwa nimekaa usiku nikiandaa somo la sura hiyo, kamusi ya Kiebrania imefunguliwa upande huu, daftari upande huu. Simu ikaita. Nikaona jina la fundi aliyenitengenezea mlango wiki mbili kabla. Nilikwisha mwambia "njoo kesho" mara tatu, na hela nilikuwa nayo. Nikaigeuza simu kifudifudi, ikaendelea kutetemeka juu ya meza, nami nikaendelea kuandika kuhusu mzizi wa k-d-sh. Iliponyamaza nilisoma mstari uliofuata katika maandalizi yangu, na ulikuwa huo. Mlango wenyewe, ule alioutengeneza, ulikuwa nyuma yangu umefungwa vizuri. Nilimpigia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

Katika karatasi zangu zote za miaka yote, hakuna aliyewahi kuandika kwamba mtu mtakatifu hulipa madeni. Hata mimi nisingeandika.

Jambo jingine ambalo mawazo ya doa hulipotosha ni suala la kukaribiana na watu. Ukiamini kwamba utakatifu ni nguo nyeupe, utatembea ukikwepa kila mtu mwenye tope. Agano la Kale lina sababu za kufikiri hivyo. Nabii Hagai, sura ya 2, aliagizwa kuwauliza makuhani: mtu akibeba nyama takatifu katika upindo wa vazi lake, upindo ukagusa mkate, mkate unakuwa mtakatifu? Wakajibu la. Na aliyenajisiwa kwa maiti akiugusa, unanajisika? Wakajibu ndiyo. Uchafu unaambukiza, utakatifu hauambukizi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na yeyote aliyewahi kufua nguo anaielewa.

Halafu anakuja Yesu, na mkondo unageuka. Katika Marko 1 ananyosha mkono anamgusa mwenye ukoma kabla hajapona, na anayebadilika ni mkoma. Katika Marko 5 mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anagusa vazi lake, na muda mfupi baadaye binti wa miaka 12 aliyekufa anashikwa mkono. Mguso mmoja ungetosha kumnajisi mwalimu yeyote wa wakati ule. Badala yake nguvu zinamtoka yeye kwenda kwao. Upindo wa vazi ambao kwa Hagai haukuweza kutakasa mkate, hapa unamponya mtu. Ndiyo maana alikula na watoza ushuru bila hofu. Wanafunzi wangu wengine huniuliza kama hii ni ruhusa ya kwenda popote. Si ruhusa. Wengi tukienda popote huwa tunakwenda kama mkate wa Hagai. Lakini angalau tusiite woga wetu utakatifu.

Kuna pia neno la watakatifu kwa wingi. Paulo anaandika kwa kanisa la Korintho na kuwaita waliotakaswa katika Kristo Yesu, walioitwa wawe watakatifu. Endelea kusoma barua uone watakatifu hao. Wamegawanyika makundi. Wanashtakiana mahakamani. Mmoja yuko na mke wa baba yake. Kwenye meza ya Bwana wengine wana njaa na wengine wamelewa. Paulo anawakemea sura baada ya sura, ila hafuti jina alilowaita mwanzoni. Kemeo lake linasimama juu ya jina hilo: ninyi si mali yenu wenyewe, anasema katika 1 Wakorintho 6:19-20, mlinunuliwa kwa thamani. Ni hoja ya umiliki tena.

Waebrania 10 inaweka pande zote mbili karibu sana. Mstari wa 10 unasema tumekwisha kutakaswa, na mstari wa 14 unawataja wanaotakaswa, kazi ikiendelea. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo makanisa yamevutana karne nyingi. Martin Luther, aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, alishikilia kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alifundisha kwamba upendo unaweza kukamilishwa moyoni humu humu duniani. Waorthodoksi huzungumza juu ya kushiriki uzima wa Mungu mwenyewe, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, uliwakumbusha Wakatoliki kwamba wito wa utakatifu ni wa waamini wote, si wa watawa na mapadre tu. Nina upande wangu, lakini sioni kwamba yeyote kati yao amejenga juu ya ha-.

Somo huwa nalimalizia Zekaria 14. Kuhani mkuu alivaa kwenye kilemba bamba la dhahabu lililochorwa maneno ya utakatifu kwa Bwana, mtu mmoja, paji moja la uso. Zekaria anasema siku inakuja maneno hayohayo yatakuwa kwenye njuga za farasi, na vyungu vyote vya Yerusalemu na Yuda vitakuwa vitakatifu kwa Bwana. Hapo huwarudishia wanafunzi karatasi zao na kuwaacha wafanye wapendavyo. Wengi hukata mstari mmoja au miwili. Mwaka jana mama mmoja wa makamo, ambaye alikuwa amesikia habari za yule fundi wangu, hakukata chochote. Aliacha mistari yake yote mitano ya ha- na kuongeza wa sita chini yake: "Akipigiwa na anayemdai, anapokea."