Daktari bobezi wa kiharusi: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Bingwa wa mfumo wa fahamu tayari ni mtaalamu wa kiharusi.

Anaujua ubongo, hilo halina ubishi. Ila kiharusi mara nyingi chanzo chake kiko kwenye moyo, mishipa ya shingo, shinikizo la damu au kisukari. Ndiyo maana Marekani, anayemaliza miaka minne ya ubingwa wa mfumo wa fahamu huongeza mwaka mmoja wa ubobezi wa mishipa ya damu ya ubongo, na mtihani wake umekuwepo tangu 2005. Uingereza wodi nyingi za kiharusi zimeendeshwa na mabingwa wa magonjwa ya wazee, na hakuna anayewashangaa.

Dhana: Kinachofundishwa ni kuchoma sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Kuchoma sindano hakuhitaji mwaka mzima. Kinachouhitaji ni kujua nani asichomwe. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 1995 ulionyesha kwamba dawa ya sindano hiyo, alteplase, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu dalili zianze, huongeza idadi ya wanaopona bila ulemavu mkubwa. Utafiti huohuo ulionyesha pia kuwa wagonjwa kama 6 kati ya 100 waliopewa dawa walivuja damu ubongoni na hali zao zikawa mbaya. Mwaka 2008 muda ulisogezwa hadi saa 4 na nusu, lakini hatari ile haikuondoka.

Kwa hiyo daktari aliye mafunzoni huitwa usiku kumwona mtu aliyelegea upande mmoja, na maswali humjia kwa mkupuo. Je, sukari imeshuka? Ametoka kwenye degedege? Ni kipandauso? Shinikizo liko chini ya 185/110? Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu wengine huamka asubuhi wakiwa wameshapooza. Zamani wengi wao waliachwa bila tiba hiyo. Tafiti za 2018 zilionyesha kuwa picha maalumu za ubongo zinaweza kumtambua ambaye bado ana sehemu ya kuokolewa, na baadhi yao hutolewa bonge la damu kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, hata ikiwa imefika saa 24. Na wakati daktari anatafakari hayo, kwa makadirio ya 2006, kila dakika inayopita mshipa mkubwa ukiwa umeziba, mgonjwa hupoteza seli za neva milioni 1.9.

Dhana: Picha ya CT ya ubongo (ya mionzi ya X) ikiwa safi, si kiharusi.

Damu iliyovuja huonekana mara moja. Mshipa ulioziba unaweza usiache alama yoyote katika saa za mwanzo, kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuisoma picha mwenyewe badala ya kungoja ripoti.

Dhana: Cheti cha mtandaoni kinatosha.

Kipimo cha NIHSS, cha kupima ukali wa kiharusi kwa alama 0 hadi 42, unaweza kukisomea mtandaoni kwa saa chache, na ni vizuri kila daktari wa dharura akakisomea. Kasoro zake lakini hujifunzwa wodini: kiharusi cha nyuma ya ubongo, ambapo mgonjwa ana kizunguzungu na hawezi kusimama, kinaweza kupata alama ndogo mno kikaonekana si kitu.

Dhana: Shujaa ni mwenye katheta.

Tangu tafiti tano za 2015 zithibitishe tiba hiyo, vijana wengi wanaikimbilia, na siwalaumu. Ila katheta humfaa aliyeziba mshipa mkubwa tu. Wodi maalumu ya kiharusi husaidia karibu kila mgonjwa: muuguzi anayepima kumeza kabla ya kulisha, mazoezi ya viungo yanayoanza mapema, tiba ya usemi. Kwa maoni yangu, mafunzo yasiyompitisha daktari humo kwa miezi kadhaa hayajakamilika.

Dhana: Akipatikana bobezi mmoja, huduma imepatikana.

Mtu mmoja hawezi kukesha kila siku, kwa hiyo sehemu ya ubobezi ni kupanga mfumo. Hospitali kuu ya Helsinki ilipunguza muda wa kati wa mgonjwa kufika mlangoni hadi kupata dawa kutoka dakika 105 mwaka 1998 hadi dakika 20 mwaka 2011. Gari la wagonjwa lilitoa taarifa likiwa njiani, mgonjwa akapelekwa moja kwa moja kwenye CT bila kupitia kitandani, na dawa ikatolewa palepale mezani pa kipimo.