Maendeleo hayaletwi

Jumamosi huku Mbagala tulizindua kisima kilichochimbwa kwa fedha za wahisani. Wasemaji watatu walisimama, na wote watatu wakasema: "Tunawashukuru kwa kutuletea maendeleo." Nimelisikia mara nyingi mno.

Kwa ufupi, msaada ni fedha, vifaa au ujuzi utokao nje ya jamii. Maendeleo ya jamii ni wenyeji kubadili hali yao ya maji, afya na chakula kwa mipango waliyoiamua wao.

Sasa litazame neno lenyewe. Enda ilizaa endelea, yaani kwenda bila kukatika, na endelea ikazaa maendeleo. Humo ndani kuna mwendo, na mwendo una miguu yake. Huwezi "kumwendelea" mtu. Unaweza kumwendeleza, lakini hata hapo anayekwenda ni yeye. Kuletewa maendeleo ni sawa na kuletewa kutembea.

Msaada nao una asili nzuri. Umetoka Kiarabu, mzizi mmoja na saidia, na kwa Waarabu mzizi huohuo umezaa jina la mkono, kuanzia kiwiko hadi kiganja. (Ile "m" ilikuwa sehemu ya neno, ni sisi tulioifanya kiambishi, tukapata misaada.) Basi msaada ni mkono unaoshika mzigo upande wa pili, mwenye mzigo akiwa bado ameubeba.

Kuchanganya haya mawili kumetugharimu. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilipanga kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991, bure, na wahisani wakachangia sana. Muda ulipofika, miradi mingi ilikuwa imesimama, kwani wanakijiji hawakuwa wamiliki wala hawakuwa na fedha za spea. Sera ya Maji ya 2002 ndiyo iliyowakabidhi umiliki na gharama za uendeshaji. Na Azimio la Arusha la 1967 lilishataja mahitaji manne ya kuendelea: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haimo.

Kisima chetu ni kizuri, maji yake hayana chumvi, na waliotoa fedha wanastahili asante ya dhati. Nawaomba tu viongozi wetu wa mtaa waseme "mmetusaidia kuchimba kisima". Neno maendeleo wawape wale akina mama wa kamati, waliokaa wakapanga bei ya ndoo na kufungua akaunti ya kununulia pampu nyingine hii ikifa.