"Kupiga Windows" ni kufanya nini hasa?

Mpelekee fundi kompyuta mpakato inayokwama kila dakika, na huenda asimalize hata kukusikiliza: "Hii tuipige Windows." Mteja anaitikia, akijua kila kilichokuwemo kitafutika. Kumbe ndani ya usemi huo mna kazi mbili, na moja kwa kawaida haifanyiki.

Kazi ya kwanza ni kusimika mfumo endeshi, yaani Windows yenyewe. Fundi anachomeka flashi ya angalau GB 8, anawasha mashine huku akibonyeza F12, F9 au Esc, kutegemea aina yake, ili ibuti (ianze kuwaka) kutoka kwenye flashi. Anachagua sehemu ya diski, anaifomati, kisha mafaili ya mfumo yananakiliwa na mashine inajizima na kuwaka mara kadhaa. Kama Windows 10 au 11 iliyokuwemo ilikuwa halali, toleo lilelile halitadai ufunguo mpya wa leseni. Likipata intaneti, linaitambua mashine kwa ubao mama wake.

Kazi ya pili ni kufuta. Kwenye diski ya sahani, ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka, kule kufomati kwa haraka kunakofanywa wakati wa kusimika hakugusi picha wala nyaraka zako. Chukulia stoo ya mahindi yenye daftari mlangoni. Daftari linachanwa, linawekwa jipya lililoandikwa "stoo tupu". Magunia yako palepale, hadi mzigo mpya ukalie nafasi yao. Programu za kurejesha mafaili hazina haja na daftari. Zinaingia moja kwa moja kwenye magunia.

Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT, Marekani, walieleza walichokuta kwenye diski 158 za mtumba walizonunua. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na zilizosafishwa sawasawa 12 tu. Kwenye nyingine zilitoka namba za kadi za benki zaidi ya 5,000.

Kwa diski ya sahani, dawa ni kufomati kikamilifu: tangu Windows Vista, njia hiyo huandika sifuri kwenye sehemu nzima ya diski inayofomatiwa. Huchukua saa nyingi, na sijui fundi mwenye foleni atakayeifanya bila kuombwa. Mara moja yatosha. Ule ushauri wa kurudia kuandika juu ya data mara 35 ulitoka kwenye makala ya 1996 ya Peter Gutmann, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, wakati wa diski za aina nyingine kabisa. SSD, yaani diski isiyo na sahani inayotumia chipu, haifai kuandikwa sifuri, kwa sababu yenyewe huhamisha data huku na kule bila kukuambia. Hiyo hufutwa kwa amri yake ya ndani, kupitia programu ya mtengenezaji.

Kwa mashine kuukuu kuna swali jingine: upige Windows ipi? Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Mimi hapo huweka Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, bure kabisa. Na kama uzito unatokana na diski ya sahani iliyochoka, kupiga Windows kutakupa nafuu ya wiki mbili. Nunua SSD, simika humo, na ile diski ya zamani uondoke nayo. Isibaki kwenye boksi la vipuri la fundi.