Sarafu Haisuguliwi: Dhana Potofu Ninazokutana Nazo Mombasa

"Nimezing'arisha kwanza ili uzione vizuri." Maneno hayo ndiyo yanayonivunja moyo kuliko mengine yoyote katika kazi hii ya kukagua na kununua sarafu za kigeni hapa Mji wa Kale, kwa sababu anayeyatamka huwa anatabasamu akingoja pongezi, ilhali sarafu aliyoiweka mezani imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake jikoni kwake usiku uliotangulia. Mji huu umepokea fedha za kila namna: rupia za India, ambazo ndizo zilizotumika katika himaya ya Waingereza Afrika Mashariki hadi 1920, reale za Maria Theresa, mtawala wa Austria, zilizoingia kwa majahazi, heller za Wajerumani zilizovuka kutoka upande wa Tanga, na fedha ndogondogo za mabaharia wa Kilindini. Bado zimo kwenye mikebe na makasha ya majumbani. Sikereki mtu asipojua bei, kwani kujua bei ni kazi yangu; kinachonikera ni ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno na waya wa kusugulia masufuria.

Najua dhana hii ilikotoka. Sinia na dele za shaba husuguliwa kwa ukwaju, na nyumba ambayo dele lake limefifia huonekana haina mwenyewe. Lakini dele linunuliwa kwa umbo lake, na likisuguliwa umbo linabaki palepale. Mkusanyaji wa sarafu analipia uso wenyewe wa madini, jinsi ulivyotoka kiwandani na jinsi ulivyobadilika polepole tangu hapo. Kipande cha fedha kinapobanwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili ya chuma, madini husukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni na kuacha mistari myembamba mno isiyoonekana kwa macho matupu, na mistari hiyo ndiyo inayotoa ule mng'ao unaozunguka sarafu inapoinamishwa chini ya taa. Dawa ya meno ina chembechembe za kukwangua, na majivu ni hivyohivyo. Hupita juu ya mistari hiyo na kuiondoa. Ndimu haikwangui, bali asidi yake hula tabaka la juu la madini. Kilichoondoka hakirudi kwa njia yoyote, hata mtu akienda kwa sonara hodari kuliko wote wa Mombasa.

Mama mmoja wa Kibokoni aliniletea pesa ya shaba ya 1888 ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile yenye mizani na jina la Mombasa, sarafu ambayo kila mkusanyaji wa mji huu huitamani kwa kuwa ni ya kwetu. Baba mkwe wake aliihifadhi katika karatasi kwa miaka mingi, na bila shaka ilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, ambayo kwa shaba ndiyo ngozi yake na ndiyo kinga yake. Mama alikuwa ameilaza kwenye maji ya ndimu na chumvi. Ilikuwa na wekundu wa waridi, vitundu vidogovidogo vimejaa kwenye sahani za mizani, na kandokando ya herufi umebaki utepe mweusi wa uchafu ambao ndimu haikuufikia. Nilimwambia, "Mama, hii ilikuwa nzuri mpaka juzi." Hakufurahi, nami sikuona sababu ya kulifunika jambo hilo kwa maneno matamu.

Wengine hudhani kwamba sitatambua. Kutambua hakuhitaji mashine. Ninaishika sarafu kwa ukingo, naiweka chini ya taa moja tu, sehemu nyingine ya chumba ikiwa na giza kidogo, kisha naiinamisha taratibu huku na huku. Sarafu ambayo haijaguswa huuzungusha mwanga kutoka herufi hadi herufi. Iliyosuguliwa humulika yote kwa pamoja, mwanga umekwama, na ndani yake hutokea mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, upande ule mkono ulikokuwa ukienda. Lenzi ya kukuza mara kumi humaliza mabishano. Kampuni kubwa za Marekani zinazopanga madaraja ya ubora wa sarafu, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, zikiona dalili hizo huinyima sarafu namba ya daraja na kuandika kwamba imesafishwa. Mnunuzi akishaliona andiko hilo, hushusha bei.

Uchafu wa kawaida, basi, ufanyweje? Mara nyingi usifanywe lolote. Vumbi legevu huondoka kwa kulowesha sarafu kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri za magari, si asidi yake, kisha kuiacha ikauke juu ya kitambaa laini bila kuipangusa. Kuna hali moja tu inayostahili haraka, nayo ni unga wa kijani kibichi unaojitokeza kwa madoa juu ya shaba na unaodondoka ukiguswa. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu juu ya shaba huanzisha ulikaji usiokoma wenyewe. Sarafu ya namna hiyo itengwe na nyingine, iwekwe pakavu pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, kisha iletwe kwa mtu anayejua, ikiwa bado na unga wake.

Dhana nyingine nazipitia upesi. Ya kwanza ni kwamba sarafu ya zamani lazima iwe ghali. Sarafu za shaba za karne ya nne za Roma hupatikana kwa bei ya mlo mmoja wa hotelini, kwa sababu zilitengenezwa kwa wingi na bado zinafukuliwa kwa wingi. Na umri wenyewe husomwa vibaya: wapo walioniapia kwamba pesa ya Zanzibar iliyoandikwa 1304 ina zaidi ya miaka mia saba, wakati huo ni mwaka wa Hijria, zama za Sultani Barghash, sawa na 1886 au 1887. Reale ya Maria Theresa nayo huandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini ilitengenezwa kwa tarehe hiyohiyo kwa zaidi ya karne moja baadaye, Vienna, Roma, London, Paris, Brussels na hata Bombay. Ina gramu 28 na pointi chache, na asilimia 83 hivi ya fedha safi, kwa hiyo thamani ya madini ipo. Utajiri wa kujenga ghorofa haupo.

Kuna pia wanaodhani kwamba senti kumi ya Afrika Mashariki ya 1936, yenye jina la Edward wa Nane, ni adimu. Ni kweli kwamba mfalme huyo alijiuzulu kabla ya kutimiza mwaka, na kwamba sarafu za Uingereza zenye uso wake hazikutolewa kwa matumizi ya umma. Senti yetu ina tundu katikati, haina uso wa mtu, ikatengenezwa kwa mamilioni na kutumika sokoni. Tundu hilo, tafadhali, si kasoro. Tundu lililotobolewa na sonara kwenye rupia ili iwe kidani ndilo kasoro, na kulizibia kwa risasi ni kuongeza kasoro ya pili.

Sumaku nayo imeheshimiwa kupita kiasi. Sarafu ikikataa sumaku haijathibitika kuwa ya fedha, kwani shaba, risasi na mchanganyiko wa shaba na nikeli vyote huikataa. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1946 ina robo ya fedha, ya 1948 haina hata chembe, na zote mbili sumaku huziacha. Nunueni mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Rupia halali ya Malkia Victoria ina gramu 11.66, inayopungua gramu nzima bila kulika kwa wazi ina maelezo ya kutoa.

Mwisho ni ile hesabu ya madaraja. Kipimo cha Sheldon, kilichotolewa Marekani 1949, huanzia 1 na kuishia 70, na namba zake si asilimia. Sarafu ya 60 haijapata alama za wastani. Ni sarafu ambayo haijawahi kutumika, ingawa imegongana na wenzake ndani ya magunia ya kiwandani. Kadhalika picha iliyofifia si lazima iwe imelika. Sarafu za heller ishirini zilizotengenezwa Tabora 1916, wakati Wajerumani wamekatiwa njia ya bahari, nyingi zilitoka hafifu tangu siku ya kwanza kwa kuwa mitambo ilikuwa ya kubahatisha. Sehemu iliyolika huwa laini na hutofautiana rangi na sehemu za chini. Sehemu iliyopigwa hafifu huwa bado na ukwaru wa madini ghafi. Tofauti hiyo hubadilisha daraja, na haionekani tena kwenye heller iliyopitishiwa majivu.