Uvimbe wa ziwa usiouma ndo wa kuukimbilia hospitali

Niko kliniki ya akina mama hospitali ya wilaya, na maswali haya naulizwa karibu kila wiki. Nayajibu hapa mana nimechoka kuyajibu mtu akiwa ameshachelewa.

Nina kiuvimbe kwenye ziwa kama goroli ila hakiumi, si cha kawaida tu?

Dada yangu, kutokuuma sio usalama. Kansa ya matiti mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa, inakua kimyakimya huku unafua, unalima, unabeba ndoo na wala haikusumbui. Wanaokuja mbio ni wenye maumivu, na maziwa yote mawili yakiuma ukikaribia hedhi mara nyingi ni homoni tu. Asiyeumwa ndo anakaa nyumbani mwaka, miaka miwili, siku akija ziwa limeshachimbika kidonda, kajifunga kanga mbili ili harufu isitoke, na mgongo unamuuma kwa sababu imeshafika kwenye mifupa. Nikimuuliza ulikiona lini? "Mwaka juzi nesi, ila kilikuwa hakiumi." Hilo neno nalisikia mpaka nikilala. Kinauma au hakiumi, njoo.

Kwani kansa ya matiti ni nini hasa?

Ni seli za ziwa zinazokua bila mpangilio, zikatengeneza uvimbe, halafu zikahamia kwapani, kwenye mifupa, mapafu na ini. Kwa wanawake wa Tanzania ndo kansa ya pili kwa kuwapata wengi, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Na usijifariji na "kwetu haipo", wengi wanaougua hawana ndugu hata mmoja aliyewahi kuwa nayo.

Ni kweli ukiguswa na kisu au sindano ndo inasambaa?

Hapana. Najua haya maneno yanatoka wapi, mtu anakuja ugonjwa umeshasambaa, anafanyiwa upasuaji, baada ya miezi anafariki, mtaani wanasema kisu ndo kimemuua. Kilichomuua ni ile miezi aliyokaa nayo. Sampuli inachukuliwa kwa sindano, sehemu inatiwa ganzi, na bila hiyo sampuli hakuna daktari anayeweza kukuambia kwa uhakika kama ni kansa au sio.

Nikienda si watanikata ziwa?

Kwanza uvimbe mwingi wa matiti sio kansa, hasa kwa wasichana. Pili hata ikiwa kansa, ikikutwa ndogo inawezekana ukatolewa uvimbe tu ziwa likabaki, halafu ukapigwa mionzi. Kwa hiyo unayejificha kwa kuogopa kukatwa ndo unajisogeza huko huko kwenye kukatwa! Na mama unayesema unasubiri baba watoto aruhusu, mwambie aje na wewe, tutamweleza.

Naweza kuanza na dawa za kienyeji au maombi kwanza?

Maombi sikukatazi, hata mimi nasali, ila sali huku umeshapima. Hilo "kwanza" ndo silikubali. Majani mnayobandika yanaunguza ngozi, kukanda na maji ya moto na kuminya hakuyeyushi kansa, na kila mwezi unaopita uvimbe unaongezeka.

Nanyonyesha, si maziwa yameganda?

Inawezekana, au ni jipu. Lakini ukipewa dawa na wiki mbili zikapita uvimbe upo pale pale, rudi uombe ultrasaundi, kile kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti. Hapa hata sisi wahudumu tunakosea, tunampa mama antibiotiki mara tatu nne bila kumpima. Kunyonyesha kunapunguza hatari, hakuiondoi.

Nijikague vipi?

Siku chache baada ya hedhi kuisha, na kama umeshakoma hedhi chagua tarehe moja ya kila mwezi. Simama mbele ya kioo, halafu pitisha vidole vilivyolala kwenye ziwa lote mpaka kwapani. Uvimbe sio dalili pekee, angalia pia chuchu iliyoingia ndani ghafla, ngozi kama ganda la chungwa, damu kwenye chuchu, kidonda cha chuchu kisichopona, ziwa moja kubadilika umbo.

Mamogramu ni eksirei ya matiti, inabana kidogo kwa sekunde chache tu, na inawafaa zaidi wa miaka 40 kwenda juu. Kwa wadogo ultrasaundi mara nyingi inaonyesha vizuri zaidi. Ila ukishaona dalili usikae kusubiri mamogramu ya bure ya mwezi wa kumi, ule mwezi wa kampeni ya kansa ya matiti.

Na wanaume wanaugua?

Ndiyo, wachache, na wao wanachelewa kuliko nyie.

Nina uvimbe sasa hivi, nianzie wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu, kesho asubuhi. Mwambie muhudumu akushike maziwa yote mawili na kwapa, usione aibu, na ukitaka wa kike sema. Kutoka hapo ni hospitali ya wilaya au mkoa kwa ultrasaundi na sampuli, na ikihitajika rufaa ya kwenda Ocean Road Dar, Bugando Mwanza au KCMC Moshi. Shirika la Afya Duniani linataka majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60 tangu ulipofika mara ya kwanza, kwahiyo mtu akikushika tu akasema "hakiumi, rudi baada ya miezi sita", usiondoke, omba rufaa kwa maandishi.