Anza na droo moja

Wateja wangu karibu wote huanza simu kwa kuomba radhi. "Usije ukanicheka ukiona ndani." Sicheki. Kazi yangu ni kupanga nyumba za watu, na ninachokikuta humo mara chache sana ni uvivu. Namkuta mtu aliyechoka kuamua.

Maana mrundikano ni maamuzi yaliyoahirishwa. Chaja isiyojulikana ni ya simu gani, suruali inayosubiri upungue mwili, kadi ya dhamana ya redio iliyokwishakufa: kila kimoja uliwahi kukishika ukasema "nitaangalia baadaye". Droo yenye vitu 60 ina maswali 60. Ukisimama mlangoni mwa chumba kizima unaulizwa yote kwa mpigo, ndiyo maana unafunga mlango na kwenda zako.

Hili nililijua kwa aibu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimwaga kabati zima la mteja kitandani, nikiamini akiuona ule mlima atapata ari. Tulianza saa nane mchana. Saa tatu usiku mlima ulikuwa palepale, mwenye nyumba amekaa sakafuni kashika gauni asilojua alifanyeje, na hana pa kulala. Tukavirudisha kwa mafungu, vibaya kuliko tulivyovikuta. Tangu siku ile sitoi vitu zaidi ya vile ninavyoweza kuvimaliza ndani ya saa moja. Droo moja, au rafu moja. Siku mbaya, mkoba tu.

Na huanza na visivyouma: kalamu zilizokauka, mifuniko isiyo na vyombo, soksi zisizo na wenzake, risiti zilizofutika hata hazisomeki. Hapo mkono unazoea kuamua. Kisha vinavyojirudia, kisha nguo, kisha makaratasi. Picha na barua za marehemu ni za mwisho kabisa. Anayeanza nazo hutumia mchana mzima kusoma na kulia, na droo iko vilevile.

Kinachouma kina sababu yake. Mwaka 1980 mwanauchumi Richard Thaler alikipa jina kitu ambacho mimi hukiona kila wiki: kitu kikishakuwa chako, thamani yake machoni mwako hupanda. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1990 pamoja na Daniel Kahneman na Jack Knetsch, wanafunzi waliopewa vikombe walitaka kuviuza kwa takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao wasio navyo walikuwa tayari kutoa. Na vikombe vyenyewe walikuwa wamepewa muda huohuo! Sasa fikiria sufuria uliyokaa nayo miaka kumi. Kwa hiyo siulizi "unakitaka?", maana jibu nalijua. Nauliza, "kama hiki kisingekuwa chako, ungetoa hela leo ukinunue?" Watu hunyamaza kidogo, halafu hucheka.

Ukishindwa kabisa kujibu, usijitese. Tia kwenye boksi la "sijui", lifunge kwa gundi ya karatasi, andika tarehe juu. Baada ya miezi sita, kama hukulifungua, jibu umeshalipata. Mteja wangu mmoja alilifungua siku ya pili kutafuta kikata kucha. Sawa kabisa, hiyo ndiyo kazi yake.

Usinunue makasha na vikapu kwanza. Nasema hivi nikijua ni raha ya pekee kuvinunua, lakini nimekuta nyumba ambamo makasha matupu ndiyo yamekuwa mrundikano mpya. Punguza, pima kilichobaki, ndipo ununue, kama bado unahitaji.

Vitu vya mwenzako usiviguse. Kumtupia mtu kitu kwa siri huharibu zaidi ya nguo na vitabu. Atakilinda kila kijiti kuanzia siku hiyo. Panga vyako, mwachie aone. Watoto pia waulizwe.

Kutoa nje ni sehemu ya kazi, tena ndiyo inayosahaulika. Mfuko wa kugawa ukikaa mlangoni wiki tatu, utafunguliwa na vitu vitarudi kimoja kimoja. Upakie siku hiyohiyo, au mpigie anayeuchukua kabla hujaufunga. Dawa zilizopita muda usizimwage chooni, uliza duka la dawa kama wanazipokea. Betri ya simu iliyovimba usiitupe kwenye taka za kawaida, inaweza kushika moto.

Kuna watu ambao kuachia hata gazeti la zamani huwapa dhiki ya kweli, na vyumba vyao havilaliki wala havipikiki tena. Hilo ni tatizo la afya ya akili, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliorodhesha peke yake mwaka 2013. Wanahitaji mtaalamu wa afya, na mimi husema hivyo waziwazi.

Vilivyobaki vikae pale vinapotumika, hata kama pengine pangependeza zaidi. Kwangu mkasi unakaa barazani, karibu na kiti ninachofungulia vifurushi. Wageni huuliza. Nilishaurudisha jikoni mara tano, ukawa unanifuata mwenyewe, basi nikaupigilia msumari pale.