Albamu ya solo ya mtu wa rithim

Wiki iliyopita dogo mmoja ninayemfundisha gitaa aliniomba nimpe albamu ya solo, yaani ya mtu kutoa peke yake bila bendi yake, ya mpigaji mkongwe wa rock akaisikilize wikendi, nikamtumia Talk Is Cheap ya Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones, ya 1988. Jumatatu karudi kanuna. "Mwalimu, nimeisikiliza yote mpaka mwisho, sasa solo iko wapi?"

Nilicheka sana, ila swali lake zuri kuliko alivyodhani. Sisi tuliokulia kwenye bendi za dansi neno solo lina mwenyewe, kuna gitaa la solo linalong'ara kwa noti za mbele, kuna sekandi solo, kuna rithim, kuna besi, na mtu wa solo ndo anayebandikwa noti kwenye paji la uso na mashabiki huku mtu wa rithim kasimama kule nyuma karibu na dram anakwangua kodi zile zile, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, dakika kumi na mbili na hakuna anayemjua hata jina. Mi nimepiga rithim miaka kumi na moja kwa hiyo naongea na uchungu kidogo, mnisamehe. Keith naye ni mtu wa rithim. Kwenye Rolling Stones sehemu kubwa ya solo walipiga wengine, Mick Taylor, baadaye Ron Wood, yeye kazi yake ni ile injini. Mtu wa namna hiyo akitoa albamu yake mwenyewe mnategemea nini?

Na hakuitoa kwa kupenda sana. Stones walianza 1962 na muda wote huo jamaa hakuwa na haja ya albamu ya peke yake, alikuwa na singo moja tu ya mwaka 1978, na kwenye albamu za bendi akipewa wimbo mmoja mmoja wa kuimba, kama Happy ya 1972. Tatizo likaja pale Mick Jagger, mwimbaji wa Stones, alipotoa albamu yake 1985, akatoa nyingine 1987, afu mwanzoni mwa 1988 akaenda Japani na bendi nyingine kabisa huku Stones wamekaa tu, hata albamu yao ya 1986 hawakuifanyia ziara. Keith alichukia mno. Kuna wimbo humu unaitwa You Don't Move Me, ule ni mipasho mitupu, ukimtoa mtu wa dram ukaweka tashkota na udi unaweza kupigwa kwenye shughuli yoyote ya Kariakoo na mwenye kupigwa kijembe akajijua alipokaa.

Sasa hapa katikati kuna mtu anaitwa Steve Jordan, mpiga dram, ambaye Charlie Watts mwenyewe, mpiga dram wa Stones, alishamwambia Keith kwamba ikitokea siku unafanya kazi na mwingine, mchukue huyu. Walishikana vizuri mwaka 1986 kwenye lile onyesho la Chuck Berry, mkongwe wa rock n roll, kufikisha miaka 60, Keith akiwa kiongozi wa bendi, Jordan kwenye dram, Johnnie Johnson kwenye piano. Kutoka hapo wakakaa wawili wakatunga nyimbo na kuzalisha albamu pamoja. Bendi ikajengwa kuwazunguka: Waddy Wachtel gitaa, Charley Drayton besi, Ivan Neville kinanda, Sarah Dash sauti. Jina la bendi ni X-Pensive Winos, yaani walevi wa bei mbaya, kwa sababu Keith aliwafuma wamejificha nyuma ya dram wanagawana chupa ya Lafite, mvinyo ambao kwa bei yake huwezi kuunywea nyuma ya dram.

Haya tuje kwenye gitaa maana ndo fani yangu. Gitaa la kawaida linatuniwa E A D G B E. Keith kwa nyimbo zake nyingi anang'oa kabisa ule uzi mnene wa sita, wa tano anaulegeza kutoka A mpaka G, wa kwanza kutoka E mpaka D, zile tatu za katikati haziguswi. Unabaki na G D G B D. Mwenyewe anasema huo mtuno alioneshwa na mpiga gitaa Ry Cooder mwishoni mwa miaka ya 60. Ukizipiga nyuzi zote bila kuweka kidole popote ni kodi ya G kamili (kodi ya gitaa, sio ya TRA). Laza kidole cha shahada freti ya tano (freti ni vile vyuma vya shingoni mwa gitaa) nyuzi zote, hiyo kodi ya C. Usikitoe. Sasa cha kati kiweke uzi wa pili freti ya sita, cha pete uzi wa nne freti ya saba, ushahamia kwenye F, sio F safi sana, ina kanoti kamoja kanakozubaa juu lakini ndo utamu wenyewe. Toa vidole viwili, rudi C. Weka, toa, weka, toa. Kama umewahi kusikia Start Me Up ya 1981 utashtuka kwamba uko ndani yake.

Kuhusu kuung'oa uzi wa sita, wengi wanadhani mbwembwe. Ungeubakiza ungeulegeza mpaka D, chini ya G yako, kila ukipiga unaunguruma na kuivuruga kodi, na zaidi ya hapo unamkanyaga mtu wa besi. Ukishautoa gitaa linampisha besi, pale chini panakuwa pake peke yake. Sikiliza wimbo wa kwanza, Big Enough, besi kapiga Bootsy Collins na saksafoni Maceo Parker, wote wawili wametoka kwenye bendi ya mwimbaji James Brown, afu msikie Keith anafanya nini. Karibu hafanyi kitu. Anachoma kodi moja, ananyamaza, anachoma nyingine. Mwenye jina lake kwenye jalada ndo anaongea kidogo kuliko wote!

Take It So Hard ndo nilimwambia dogo aurudie, na nikamwambia asisikilize noti, ahesabu ukimya. Kodi inagonga, inakatwa na kiganja, panabaki tundu, ndani ya tundu unasikia dram inapumua, afu Waddy anajibu upande wa pili. Magitaa mawili yanapishana kama makonda wawili kwenye mlango mmoja wa daladala na hayagusani. Hii kitu sisi tunaijua, mbona kwenye dansi rithim na sekandi solo wanafanya hivyo hivyo usiku kucha.

Sauti yake ndo watu wanaibishia. Ni kweli haina upana, kuna sehemu inakwama kooni kama mtu anayemeza ugali mkavu, lakini Make No Mistake kaishusha chini kabisa, ananong'ona, Sarah Dash anamzunguka kwa juu, na vyombo vya kupuliza vimepangwa na Willie Mitchell yule wa Memphis aliyemtengeneza mwimbaji Al Green. Huo kwangu ndo wimbo bora wa albamu. Rockawhile sijawahi kuuelewa, unazunguka tu, huwa nauruka. Nyimbo ni 11, mbili tatu zingekaa kabatini nisingelalamika.

Kwenye soko haikupasua, Marekani ilipanda mpaka namba 24 basi. Mwaka uliofuata alipatana na Jagger, wakatoa Steel Wheels, ziara ikawa ya kufa mtu. Na yule Steve Jordan, Charlie alipofariki Agosti 2021, ndo aliyekalia kiti chake, mpaka leo.

Dogo kasikiliza tena lakini bado anabisha, anasema mwalimu hiyo si solo hiyo ni rithim yenye jina la mtu. Gitaa lake liko hapa kwangu tangu juzi, aliliacha nimbadilishie nyuzi. Nimeweka tano. Anakuja kulichukua kesho saa kumi na sijamwambia.